Pacifique ile, si Pacifique huyu

Jamani, leo bahari moja imeniaibisha katikati ya mji.

Mnanijua mimi na riwaya zangu za manowari. Leo nikajipa moyo kutafuta riwaya nyingine, nikamwuliza papa mmoja, mzee anayeuza vitabu vya zamani karibu na posta:

"Papa, uko na roman ya vita ya Wamarekani?"

"Ile ya waasi, wakati wa rébellion? Walikuja hapa na ndege."

"Hapana, papa. Ile ya meli. Ya bahari ya Pacifique."

Nilisema taratibu. Sawa, nilinong'ona. Yeye akasikia jina tu.

"Ah, Pacifique! Alors, si ungesema!" Akageuka huku akicheka, akaita kwa sauti ya soko zima: "Pacifique! Kuko kijana hapa anakutafuta!"

Sikujua kama ana binti. Sikujua kama binti huyo ni Pacifique wa darasa letu, ambaye tangu mwaka uanze sijamsalimia hata mbote.

Akatokea nyuma ya turubai.

"Ni wewe? Unataka nini?"

Kichwani nilikuwa na jibu zuri: natafuta riwaya ya vita vya baharini. Nikafungua mdomo. Likatoka neno moja:

"Vita."

Wateja wakaacha vitabu. Papa akaacha kucheka.

Pacifique akanipima kuanzia viatu mpaka miwani.

"Vita? Bon. Kesho shuleni, saa ya récréation, tukitoka darasani."

Ndugu zangu, naomba mawili: riwaya nzuri ya manowari, na mtu mwenye sauti amweleze Pacifique kabla kengele haijalia.