Taulo Usoni mwa Kaka

Kila asubuhi, kabla hajamgusa mtu, Koleo huloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto, huikausha, kisha huvibandika viganja kwenye mashavu yake mwenyewe na kutulia, kama mtu anayesikiliza habari kutoka chumba cha pili. Vikiwa bado vya baridi, huvirudisha majini. Kumgusa mtu kwa mkono wa baridi, husema, ni sawa na kuingia kwa watu bila hodi.

Jina la Koleo alipewa na wachukuzi wa sokoni, kwa jinsi anavyokamata. Anaishi na kaka yake, fundi cherehani, na binti wa kaka huyo. Chumba cha mbele ndicho cha kazi yake ya kukanda watu: kitanda chembamba cha mbao, chupa za mafuta dirishani, na pazia badala ya mlango. Binti hupenda kukaa ukumbini na kitabu chake, na kwa kuwa pazia halizuii sauti, amesikia mengi kuliko aliyosoma.

"Shangazi, huo ni mgongo wa mtu, si ngano," mchukuzi mmoja alilalamika siku moja.

"Ungekuwa ngano ungeshaumuka. Shusha bega."

Walikuja akina mama waliojifungua, wakatoka wakitembea wima. Waliletwa watoto wachanga wenye tumbo la gesi, wakalala kabla mafuta hayajakauka. Lakini aliyemshangaza binti zaidi ni mjane mmoja aliyefika bila maumivu yoyote. Alisema tu kwamba tangu afiwe, watu humpa pole kutoka mbali. Koleo hakumuuliza neno. Alimkanda kichwa, shingo, halafu miguu, polepole, na nyuma ya pazia binti akasikia mtu mzima akilia kwa amani kama anayeoga. Alikifunga kitabu. Hakujua kwamba mikono inaweza kufanya jambo kama hilo.

Kisha baba yake akateleza kwenye ngazi, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Plasta ilipotolewa hospitali, mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini vidole vilibaki vimejikunja kama kucha za ndege aliyelala. Daktari alimwonyesha mazoezi, akasema na kukandwa kungemsaidia. Mazoezi yalimuuma; aliyafanya siku mbili akayaacha, kila siku na kisingizio chake. Na Koleo, aliyewakanda watu wa mtaa mzima, alikataa kumgusa.

"Kinyozi hajinyoi," alisema. "Na mkandaji hakandi damu yake. Aliyenifundisha kazi ndivyo alivyoniambia. Mkono wenye huruma hukwepa panapouma."

Alipendekeza mkandaji mwingine. Kaka akasema haendi kuvuliwa shati na mtu asiyemjua. Basi wakakaa hivyo, ng'ombe na maziwa zizi moja, na ndama ana njaa.

Ijumaa moja mchana Koleo alimkuta kaka yake barazani akiitia mafuta cherehani kwa mkono wa kushoto.

"Unaipamba inakwenda wapi?"

"Kesho mwenyewe anakuja kuichukua."

"Mwenyewe si wewe?"

"Nilikuwa, mdogo wangu. Fundi asiyeshika mkasi ni mpangaji tu kwenye kiti chake."

Binti, aliyekuwa mlangoni, aliona kifua cha shangazi yake kikipanda na kushuka.

"Ingia ndani," Koleo alisema hatimaye. "Na wewe binti, njoo umshike kiwiko."

Akaanza. Binti alikuwa hajawahi kuiona ile mikono ikisita. Ilipita juu ya ngozi kama inayopapasa shavu la mtoto, na kila baba alipokunja uso, ilihama.

"Nakuumiza, kaka?"

Swali hilo hakuwa amewahi kumuuliza mtu yeyote chumbani mle. Labda hata yeye alilisikia, maana aliiondoa mikono, akaitazama.

"Binti, lete taulo. Mfunike baba yako uso."

"Ndiyo mnanizika?" baba akauliza.

"Marehemu haongei. Nyamaza."

Taulo lilipomfunika, Koleo alivuta pumzi, akaushika mkono upya. Sasa alikuwa Koleo. Dole gumba lake lilizama chini ya kiwiko na kuteremka taratibu kati ya mifupa miwili, likafika mahali, likasimama. Likasubiri. Chini ya taulo baba aliguna.

"Vumilia, mzee," alisema, kwa sauti ile ile ya wachukuzi, kana kwamba huyo alikuwa mtu aliyetoka mbali na mzigo. "Pumua. Hapa ndipo mshipa ulipojificha."

Binti, kiganja chake kikiwa kimebeba kiwiko, alihisi kitu kikilegea ndani ya ule mkono, kama fundo linalokubali. Kidole kidogo kikanyooka. Kikafuata cha pili yake. Jasho lilimtiririka Koleo hadi kidevuni na hakulifuta. Alikunjua kiganja kutoka katikati kwenda nje, mara nyingi, bila haraka, mpaka dole gumba la kaka yake likatetemeka, likasogea lenyewe, likakutana na kidole cha shahada. Binti nywele zilimsimama. Alikuwa anaona mtu anarudi nyumbani kwake.

Mkono ukainuka, dhaifu, ukabana pembe ya taulo, ukalivuta.

Baba alikuwa na macho mekundu. "Mwambieni yule mtu asije kesho," alisema.

Haukuwa muujiza wa siku moja. Alikandwa kwa wiki nyingi, uso umefunikwa, na mazoezi ya hospitali Koleo alimsimamia kama askari. Lakini mkasi aliushika, na cherehani haikutoka barazani.

Siku baba alipokata kitambaa chake cha kwanza, binti alimfuata shangazi yake, aliyekuwa akimwaga maji uani. Kwa muda wote ule alikuwa na swali moja.

"Shangazi, ni ile kanuni tu iliyokuzuia?"

Koleo aliligeuza beseni, akalitua ukutani.

"Hapana, mwanangu. Niliogopa nikimkanda asipone, nitamtazamaje kila siku mezani."