Jiwe Nililolilamba

Baba mdogo alilileta jiwe ndani ya mfuko wa maandazi. Maandazi yenyewe alikuwa ameyamaliza njiani, kati ya Kolo na Dodoma mjini, na jiwe likawa na mafuta upande mmoja. Aliliweka juu ya meza ya dada yangu, pale Miyuji tunapokaa, akaketi kusubiri kama mtu aliyempelekea fundi saa.

"Haya, msomi wetu. Shaba au si shaba?"

Nilikuwa nimemaliza shahada ya jiolojia na nilikuwa najitolea kwenye ofisi ndogo ya kupima sampuli za madini. Kujitolea maana yake unafika kabla ya wenzako na hakuna anayejali umekula nini. Lakini kwa ukoo wetu nilikuwa mtaalamu wa mawe. Sikukuu hata moja haikupita bila mtu kunitolea mfukoni kokoto linalong'aa.

Hili halikuwa kokoto la kuokota. Lilitoka kwenye kisima. Baba mdogo na majirani zake walikuwa wakichimba nyuma ya msikiti wa kitongoji chao, huko milimani, mahali ambapo wanawake huchota maji kwa kufukua mchanga wa korongo na kungoja yajikusanye, kikombe kwa kikombe. Walipofika kwenye mwamba wakakuta ufa umejaa kitu cha kijani, na chini ya ufa ule maji yakaanza kutoka. Kijani na maji siku moja. Watu wakaona ni baraka mbili kwa pamoja.

Nilikichukua kipande kile, nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikakilamba.

Ndivyo tulivyozoea chuoni. Jiwe kavu linaficha rangi yake, likilowa unaona chembe zake, na ukiwa porini maji ya chupa ni ya kunywa, hayamwagwi juu ya mawe. Kwa hiyo ulimi. Mimi ni mtu ninayerudi kuangalia mlango niliokwisha kuufunga. Bosi akinijibu "sawa" peke yake, siku nzima najiuliza amekasirikia nini. Lakini kulamba jiwe sikukufikiria hata kidogo.

Chini ya lenzi niliona ganda la kijani cha mchicha mchanga, lenye vijivimbe vidogo vidogo vilivyobanana. Malakaiti, nikajisemea. Madini ya shaba yanayojulikana sana. Nilikuwa na kichupa cha asidi kwenye begi, nikadondosha tone nikingoja povu, kwa sababu malakaiti ikikutana na asidi huchemka kama soda. Tone likakaa. Likaanza kugeuka kijani taratibu, kimya.

"Vipi?" akauliza baba mdogo.

"Bado."

"Bado nini tena, na umeshalionja?"

Nilikwenda bombani nikasukutua mdomo, nikarudi, nikaenda tena.

Kuna jambo kuhusu madini ambalo watu wengi hawalijui. Hayapangwi kwa metali iliyomo ndani yake, bali kwa kile kilichoshikana na metali hiyo. Shaba ikishikana na kaboneti ndiyo malakaiti, na hiyo hutoa povu. Ikishikana na fosfati haitoi. Ikishikana na arsenati vilevile haitoi. Hizi mbili za mwisho vitabu vinaziweka darasa moja, kwa sababu zimejengwa kwa umbo lile lile: katikati atomu moja, na oksijeni nne zimeizunguka kila upande, haina pa kutokea. Ukiangalia kwa nje huwezi kujua aliyefungiwa ndani ni nani. Anaweza kuwa fosforasi, ambayo tunaimwaga shambani kama mbolea. Anaweza kuwa arseniki, ambayo ni sumu.

Njia ya zamani ya kuzitenganisha ni kuichoma chembe juu ya mkaa. Yenye arseniki hutoa harufu ya kitunguu saumu. Nikaomba jiko la dada.

"Jiko lina pilau," alisema dada. "Mgeni atakula jiwe?"

"Kaa moja tu."

Akanipa kaa moja kwa koleo, huku akinitazama kama mtu anayehesabu miaka ya ada aliyonilipia. Nilikwenda nalo nyuma ya nyumba, nikaweka chembe, nikapuliza kwa mbali, nikasogea. Ikaja harufu ya kitunguu saumu. Ilikuwa wazi kabisa. Kisha nikakumbuka kwamba dada alikuwa anatwanga kitunguu saumu tangu asubuhi, na vidole vyangu mwenyewe ndivyo vilivyomenya. Nikanusa vidole. Nikanusa upepo. Sikujua tena nimenusa nini.

Nilimwambia baba mdogo aniachie jiwe, nitalipeleka kwenye mashine ofisini. Aliondoka ameshiba na hana wasiwasi wowote.

Bosi wangu aliliweka jiwe kwenye foleni nyuma ya sampuli za wateja, na majibu yalipotoka aliniita kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Konikalsaiti! Kalsiamu, shaba, arseniki. Kwa huku kwetu ni nadra, binti. Ukitoa shaba ukaweka zinki unapata ndugu yake, ukitoa kalsiamu ukaweka risasi unapata ndugu mwingine. Umelitoa wapi?"

"Kisimani."

Furaha ikapungua. "Kisima cha kunywa?"

"Bado hawajaanza. Maji yana sumu, bosi?"

"Jiwe si maji. Linaweza kukaa humo miaka lisiyeyuke, na linaweza kuyeyuka. Maji yapimwe, na sisi hatupimi maji."

Nilitamani aseme ndiyo au hapana. Niliingia stoo, mahali pekee ofisini ambapo mtu anaweza kusimama bila kuulizwa, nikampigia baba mdogo. Nikamweleza polepole.

Akacheka.

"Lakini wewe si ulililamba mbele yangu?"

"Ndiyo, baba mdogo, lakini..."

"Nimeshawaambia watu wote. Mtoto wetu, amesomea mawe, amelitia mdomoni, na mpaka leo anapokea simu. Ijumaa tunafungua kisima. Njoo unywe wewe wa kwanza, ndivyo tulivyokubaliana."

Nilisema nitakuja. Nilisema hivyo kwa sababu kukataa kwenye simu kulinishinda, na pia nilihitaji kuchota maji ya kupeleka maabara. Njia nzima nilipanga maneno. Nikisema ni sumu na maji yakaonekana safi, nitakuwa msomi aliyewafungia watu kisima. Nikinyamaza na maji yakawa na sumu, haitaonekana leo wala mwezi huu. Arseniki ya kwenye maji haina haraka, na hata ladha haina. Kila sentensi niliyoitunga niliiona ina tundu.

Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka baada ya swala. Nikawaamkia wakubwa, "Shikamooni," wakaitikia. Kabla sijafungua begi, mama mdogo akanijia na kikombe cha bati kilichojaa, amekishika kwa mikono miwili. Kwetu mgeni hupewa maji kwanza, ndipo mengine yafuate, na mgeni hakatai. Hata kama huna kiu unagusisha mdomo. Maji yalikuwa maangavu kabisa, niliona kutu ya kitako cha kikombe.

"Karibu, mama," alisema. "Ya kwako ya kwanza."

Watoto walikuwa wameshikilia vikombe vyao. Nikafikiri: nigusishe mdomo tu, nisimeze, kisha nitaeleza. Lakini nikaona jinsi itakavyosimuliwa. Ameyalamba pia.

"Siwezi kuyanywa," nikasema.

Mzee mmoja akauliza, "Amefunga?"

"Sijafunga. Lile jiwe lina sumu ndani yake. Kulilamba nilikosea, ni mazoea mabaya tu. Maji sijui. Huenda ni mazima. Mpaka yapimwe sinywi, na nawaomba na nyinyi msinywe."

Maneno yote niliyoyapanga njiani hayakuwemo. Mama mdogo alikichukua kikombe mkononi mwangu, akatazama ndani yake, akamwaga chini.

"Ungekuwa unabeba wewe hii ndoo kutoka korongoni," alisema, "ungekunywa."

Nilijaza chupa zangu za maabara huku baba mdogo amesimama nyuma yangu. Nilipomaliza aliburuta mfuniko wa mabati juu ya mdomo wa kisima, akaupitisha mnyororo, akatia kufuli. Nilidhani atauweka ufunguo kwenye mfuko wa kanzu. Akanipa mimi.

"Ukae kwako. Nikikaa nao mimi nitafungua, najijua. Na wewe usije bila jibu."

"Na wakiniambia hayafai?"

"Utakuja kuniambia hapa hapa, mbele ya hawa hawa."

Kesho yake asubuhi nilikwenda korongoni na mama mdogo kabla sijapanda gari la Dodoma. Tulifukua, tukangoja, tukachota. Hakuniongelesha mpaka ndoo yangu ilipojaa, ndipo akanipa kata ninywe. Maji yalikuwa na mchanga. Nikayanywa yote, naye akanitazama mpaka nilipomaliza.

Chupa ziko maabara, na kila nikipiga simu wananiambia ziko kwenye foleni. Ufunguo nimeutia kwenye kamba moja na funguo za ofisi na za nyumba ya dada. Kila nikifungua mlango wowote lazima niuguse kwanza, niusogeze pembeni, ndipo nipate ninaoutaka. Simu ya baba mdogo huja asubuhi, kabla sijatoka. Haulizi kitu. Anasema, "Tumeamka salama," nami namjibu, "Bado, baba mdogo," na nyuma yake nasikia ndoo tupu zikigongana, wanawake wanatoka.