Tundu la Gitaa na Sauti ya Mdogo Wangu

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba gitaa la nyuzi za nailoni linameza sauti ya mtoto anayejifunza kulipiga. Habari hiyo nilipewa na mwendesha mashine ya kusaga wa mtaani kwetu Bariadi, mtu aliyejua mambo ya dunia nzima ilhali hajafika hata Malampaka kuiona treni. Alinieleza huku unga umemjaa kwenye kope: sauti huingia kidogo kidogo kwenye lile tundu la katikati, mpaka mtoto anabaki kimya na gitaa linaongea badala yake.

"Mwangalie mwalimu mwenyewe," akasema. "Umewahi kumsikia akibishana na mtu?"

Sikuwahi. Mwalimu huyo alikuwa mzee aliyesoma seminari zamani akatoka kabla ya upadri, na alipita mitaani akisalimia kwa kuinua kofia tu. Kwetu Usukumani, mtu asiyekuuliza habari za watoto, za mvua na za kila ng'ombe wako, huyo ni mgonjwa au ana jambo. Halafu muziki wenyewe ulitutia shaka. Sisi baada ya mavuno tunapambanisha ngoma mbili uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wote wakahamia upande wake. Gitaa la mzee halikuvuta hata mbuzi. Ilibidi uinamishe kichwa ndipo ulisikie. Muziki usiotaka watu, tuliulizana, unataka nini?

Lakini kilichoniaminisha hasa ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa anajifunza gitaa, na alikuwa haongei.

Mama yetu alifariki msimu uleule ambao chama cha ushirika kiliacha kununua pamba, wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao. Baba alikuwa mpimaji wa chama. Akarudi nyumbani na koti lake la kazi, akakalia kiti kilichoelekea ukutani, na naapa kiti kile kiliota mizizi. Huko mjini watu walikuwa wamechangamka. Mitumba ilining'inia mpaka kwenye miti na redio mpya zilipigiana kelele duka kwa duka. Kwetu ungemsikia sisimizi akikohoa. Mwenye mdomo nilikuwa mimi peke yangu. Niliongea nikipika, niliongea nikifua, niliwachekesha hata kuku, maana niliona nikinyamaza nyumba itatufukia.

Mdogo wangu alikwenda kwa mwalimu pamoja na watoto wengine wa parokia. Gitaa lilikuwa moja. Waliobaki walipakata vipande vya mbao vilivyochorwa nyuzi kwa mkaa, wakafuatisha vidole vya mwenzao mwenye zamu. Uzi ukikatika, mwalimu alifunga mshipi wa kuvulia samaki kutoka Lamadi. Hakuna aliyeshika gitaa kabla ya kueleza mwenzake aliyetangulia alipiga nini na alikwama wapi. Nilipochungulia niliona jambo la kutisha: watoto wa Bariadi, kundi zima, na hakuna anayemcheka aliyekosea.

Shangazi alikuja kutoka Mwandoya kutusaidia kuvuna. Shambani, mdogo wangu alichuma pamba kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia aliuviringishia kitambaa, kwa kuwa mpiga gitaa la aina ile hufuga kucha za mkono huo, na maganda ya pamba yana ncha za kuvunja kucha hata za chui.

"Huo mkono wa kulia unaumwa," shangazi akamwuliza, "au umeolewa mjini?"

Wanawake wa shamba la jirani wakacheka. Mtoto aliendelea kuchuma. Zamani akichomwa na ganda alikuwa anatupa kikapu na kulia mpaka watu wa kule Lingeka wanasikia. Sasa alichomwa, akatulia, akarudi kwenye tunda lilelile akalichuma taratibu, pamba ikatoka bila jani hata moja. Mimi nikaona ugonjwa umekolea.

Shangazi naye uvumi ulikuwa umemfikia. Jioni ile alisimama nyuma ya kiti cha baba. "Kaka, mwanao anakwisha. Mtoe huko. Pamba ikiisha na bado haongei, nitamchukua nikamtibie kwetu."

Baba hakugeuka. "Asiende tena," akasema.

Akaachishwa. Pamba ilipungua shambani, sauti haikurudi. Badala yake viliondoka vingine: aliacha kusuka nywele, akaacha ugali nusu, halafu akahamishia kigoda chake kando ya kiti cha baba, wakawa wanautazama ukuta wawili. Ubao wake aliulaza mapajani, vidole vikitembea juu ya mistari ya mkaa isiyotoa mlio. Nilisimulia vichekesho vya kutosha kumfufua marehemu. Hakuna aliyefufuka.

Asubuhi ambayo shangazi alifunga nguo za mtoto kwenye kanga, nilikwenda kwa mwalimu nikamtaka arudishe sauti ya mdogo wangu. Nilimwambia yote, ya mashine, ya tundu, ya shamba, na mengine niliyoyaongeza njiani. Alinisikiliza mpaka nikakaukiwa mate. Akasubiri tena kidogo.

"Umemwuliza mwenyewe?"

Nikaona mzee amezeeka kweli. Bubu anaulizwaje? Nikarudi mbio.

Nilimkuta amekaa kizingitini, kifurushi miguuni. Shangazi alikuwa ndani akimuaga baba. Nikachuchumaa mbele yake. "Sauti yako imekwenda wapi, mayu?" nikamwita 'mama' kwa Kisukuma chetu cha kubembeleza. Nilitaka kuongeza jambo la kumchekesha, lakini mbio zilikuwa zimenimaliza pumzi, nikabaki nahema tu. Yeye akanitazama hivyohivyo nilivyokuwa, kwa muda mrefu, kama anayengoja zamu yake ithibitike. Alichonijibu, baba alikisikia kule ndani, na shangazi pia. Siku hiyo shangazi alipanda basi la Mwandoya peke yake, na kesho yake mtoto akarudi kwa mwalimu.

"Gitaa halijachukua kitu, kaka," alisema pale kizingitini. "Kwa hilo gitaa nilikuwa naongea na mama. Baba haongei, na wewe huachi nafasi."