Meza Mbili za Mzee arap Sang

Hadi leo nikipita Roret siku ya soko natembea kando ya ukuta, kofia imeshuka hadi kwa nyusi, na bado kuna mama mmoja muuza ndizi ambaye lazima apige kelele, "Wewe wa kompyuta, leo umebonyeza nini?" na soko lote linacheka, na mimi nawaka moto ndani kana kwamba mambo yametokea asubuhi hiyo. Basi wacha niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkiisikia kwa wengine mtaambiwa nilihongwa, na sikuhongwa hata kikombe cha mursik, maziwa yetu ya kibuyuni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimeacha shule mapema (shule haikuniacha, mimi ndiye niliyeiacha), nimechuma chai ya kampuni, nimechunga ng'ombe za watu huko Sigor, nimekuwa utingo wa lori la majani, na kila mahali nilifukuzwa kwa kosa lile lile, la kufungua kitu ili nione ndani kuna nini. Mwisho nikaangukia kwa Mama Njoki, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Nyeri, aliyekuwa na duka la kutaipu na ndani yake kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Aliniajiri nifagie. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, na kabla mahindi hayajakomaa mimi ndiye niliyekuwa nikimfundisha yeye.

Kilichonimaliza ni madirisha. Kwa kompyuta ile kila kazi inakaa katika dirisha lake, na unaweza kulaza dirisha moja juu ya lingine kama mablanketi, au kulikunja likajificha chini ya kioo, ila hata likijikunja jina lake linabaki pale chini likisomeka, na watu wa Roret wana macho. Halafu mwanafunzi mmoja kutoka Kabianga akaniachia diski yenye programu ndogo ya ajabu, inayokupa meza mbili kwa kompyuta moja. Unapanga madirisha haya kwa meza ya kwanza, yale kwa meza ya pili, unabonyeza kitufe kimoja, na meza yote inaondoka na nyingine inakuja, na aliyesimama nyuma yako hawezi kujua kwamba kulikuwa na nyingine. Nilicheza nayo siku nzima kama mtoto na tochi.

Ndipo akafa Mzee arap Sang, tajiri wa majani chai wa juu ya kilima chetu, mwenye nyumba mbili. Hilo la nyumba mbili halikuwa siri. Kilima kizima kilikuwa kimekula kwa nyumba zote mbili. Lakini kijana wake mkubwa, Mwalimu Joel wa nyumba ya kwanza, alikuja dukani na historia ya marehemu aliyoiandika kwa mkono, ya kusomwa mazishini, na humo mzee alikuwa "mume wa mke mmoja". Kanisa litafurahi, alisema.

Alipoondoka akaingia mke wa pili, mama wa Chelangat, tuliyemwita Bot Chelangat, pamoja na kaka yake. Nao walikuwa na historia yao. Ndani yake yeye alitajwa, na watoto wake, na ya kwamba ndiye aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Akaniambia polepole, "Kijana wangu, nisipotajwa mbele ya kaburi, kesho yake nitaambiwa mimi ni mgeni, na mgeni hana chai ya kuchuma kwa shamba la mtu." Na ni kweli, kwetu ndivyo ilivyo.

Hapo ndipo nilipoamua jambo dogo nililoliona la akili sana. Nikaiweka historia ya Joel kwa meza ya kwanza, ya Bot Chelangat kwa meza ya pili, kila nyumba na meza yake, zisionane. (Hata marehemu mwenyewe hakuweza kuwatenganisha vizuri hivyo.)

Siku moja kabla ya mazishi, mvua ya alasiri ikaanguka na barafu yake, na ikawaleta wote dukani. Bot Chelangat na kaka yake wamekaa kwa benchi wakikung'uta maji, mimi nikiwa meza ya pili narekebisha jina la mtoto mmoja wa mama huyo, na Joel akaingia na mwavuli.

"Yangu iko tayari?"

"Iko, Mwalimu. Lakini mama huyu alitangulia, na labda ingefaa mzungumze kwanza juu ya hizi hist—"

Akapiga meza ya Mama Njoki kwa ngumi. "Sikiliza, wewe uliyeshindwa na shule. Kazi yako ni kubonyeza, si kufikiria. Bonyeza!"

Nilibonyeza. Damu ilikuwa imepanda mpaka masikioni, na nilibonyeza kile kitufe cha meza mara mbili bila kujua, kwa hivyo nilienda na nikarudi pale pale. Kwa kioo naona kichwa, "Historia ya Marehemu Mzee arap Sang", alizaliwa wapi, alitahiriwa na rika gani. Lakini zote mbili zilianza hivyo! Juu ya kuzaliwa kwa mzee nyumba zote zilikubaliana. Nikachapisha, macho yangu kwa Joel, Mama Njoki akakunja, akabana kwa jalada, Joel akaondoka akikimbia mvua. Kisha nikabonyeza kitufe mara moja, nikachapisha ya Bot Chelangat, yaani ya Joel.

Kesho yake nilienda mazishini kama kila mtu, kifua mbele, nikingoja kusikia kazi yangu. Joel akamkabidhi mhubiri karatasi na kutangaza, "Hii imetoka kwa kompyuta," na watu wakaguna kwa heshima, maana siku hizo kilichotoka kwa kompyuta kilikuwa karibu sawa na Maandiko. Mhubiri akasoma vizuri mpaka akafika, "Marehemu ameacha nyumba mbili." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Bibi mmoja kizee akaita kutoka nyuma, "Soma, mtumishi! Si imeandikwa?"

Akasoma. Bot Chelangat alikuwa analia kwa furaha, na kama mambo yangeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini kaka yake, kwa raha, akasimama: "Hata sisi tuko na yetu, ya kompyuta pia!" Akaanza kusoma kwa sauti, na kabla ulimi haujajizuia akasema mbele ya kilima kizima kwamba marehemu alikuwa mume wa mke mmoja.

Kelele iliyopanda sijawahi kuisikia tena. "Kompyuta imesema mbili!" "Imesema mmoja!" "Yuko wapi huyo wa kubonyeza?" Niligeuka nikimbie, nikaruka ndani ya chai (msijaribu, chai iliyopogolewa haipitiki), suruali ikashikwa na kijiti, ikapasuka kutoka kiunoni hadi gotini, na wakanivuta nje kwa mguu kama mbuzi. Nikasimamishwa kando ya jeneza, nimeshika suruali kwa mikono miwili.

"Kijana," mhubiri akasema, "ipi ndiyo ya kweli?"

Sikilizeni. Nilikuwa na aibu, lakini hasira iliimeza. Mhubiri huyu alikuwa amekunywa chai kwa Bot Chelangat! Wazee wale walikuwa wameipeleka mahari yake! Wote wanajua, wote wanatazama viatu, na swali wanamuuliza mtu asiye na suruali.

"Mwalimu Joel aliniambia kazi yangu ni kubonyeza, si kufikiria," nikasema. "Kwa hivyo waulizeni wanaofikiria."

Kisha mama yake Joel, mke wa kwanza mwenyewe, akainuka kwa shida. "Joel, ulimwambia mtoto wa watu hivyo?" Mama akamgeukia mhubiri: "Ile uliyosoma ndiyo. Kwani nilikuwa nachuma chai na nani miaka hii yote, na kivuli? Endelea, mvua inakuja."

Bot Chelangat alitupa udongo wake kaburini pamoja na mke wa kwanza, na chai yake anaichuma mpaka leo. Mimi nilifukuzwa jioni hiyo hiyo. "Umeniharibia jina!" Mama Njoki alisema, na Joel, aliyekuja kunishtaki kwake, hakuulizwa na mtu kwa nini aliandika mke mmoja.

Nimeshika kompyuta nyingi tangu hapo, katika miji mingi. Sijawahi tena kufungua dirisha la pili kabla ya kufunga la kwanza, wanaonijua wananicheka, wacha wacheke. Na mteja akinipigia meza akiniambia nibonyeze, naondoa mikono, namgeuzia kioo, namwambia asome yote kwa sauti, kutoka juu mpaka chini, hata kama kuna foleni hadi barabarani.