Basi la Idarusi

"Basi la kwenda wapi, mtu hata kuketi hawezi?" alisema Shamsiya. "Baba anasema basi, yaani imetosha. Kitoto cha shule ya vidudu kingemwelewa."

"Kitoto cha vidudu hakikufanya ukonda maisha yake yote," Yazid akamjibu dada yake. "Baba akisema basi ni basi. La magurudumu. Anataka kusafiri, anataka apelekwe Dar akatibiwe, na wewe unamzibia njia."

Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, nachambua mchicha uliokwisha chambuka tangu asubuhi. Ukiwa kikongwe na watu wanagombana, shika kitu mkononi. Ukikaa bure watakutuma chai, na neno tamu litapita wewe uko jikoni.

Waliyekuwa wakimgombania ni baba yao, Idarusi, kaka yangu wa tumbo moja, aliyelala kitandani baina yao akitazama dari. Kiharusi kilimpiga baada ya Idi. Kiharusi na Idarusi, hata majina yanaitana. Nilimwambia tangu utotoni kwamba jina lile lina jirani mbaya. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua mguu wa kulia, kikayazoa maneno yote kikambakishia moja. Basi. Ukimuuliza chai, basi. Ukimuuliza maumivu, basi. Kwa kichwa anaitikia, lakini anaitikia kila kitu. Nilimuuliza kama ndiye bibi harusi wa Alhamisi kule Mabawa, akaitikia kwa adabu kabisa.

Kisha ile sukari yake ya siku nyingi ikauona mguu hauna mwenyewe, ikauingia. Kidole kimoja kikawa cheusi, kikaita wenzake. Shamsiya alikuwa akichoma ubani asubuhi na jioni, na majirani wakawa wanasifu, nyumba ya Idarusi inanukia kama ya maulidi. Hawakujua tunafukuza nini.

Daktari alitueleza vizuri, sina neno naye. Mguu ukatwe juu ya goti, na usikatwe hapa Tanga, maana kwa figo zile na moyo ule anahitaji mashine zilizoko Dar. Akikatwa huenda akapata miezi kadhaa, nayo ni miezi ya kulazwa na kusafishwa damu. Huenda pia asiamke mezani. Asipokatwa, sumu itapanda, na haitakawia. Akamaliza, akafunga faili lake, akasema, "Familia mkae mkubaliane." Familia. Utadhani ni mtu mmoja ana jina na mdomo, utamkuta nyumbani umpe kiti.

Tulikaa. Tumekaa mpaka mkeka ukatoboka, hatukukubaliana.

Mwenye kauli alikuwa hayupo. Yaarub, kifungua mimba wa Idarusi, yuko Maskati, kule walikotoka babu zetu, na gharama zote alisema ni zake. Alipiga simu, Yazid akamwekea baba yake sikioni. "Baba, nije nikuchukue nikupeleke Dar?" Idarusi akasema, "Basi." Tukamsikia Yaarub analia huko aliko. "Mmemsikia? Mwambieni baba yangu simpandishi basi. Namletea gari lenye kitanda na muuguzi." Ndivyo ilivyoamuliwa, kwa neno moja na kwa simu inayokatakata. Jana yake akashuka uwanja wa ndege Dar, na siku hiyo tangu alfajiri alikuwa njiani. Kila mara anapiga: niko Chalinze, niko Mkata, niko Segera. Anatutajia vituo kama baba yake alivyokuwa akiwatajia abiria.

"Yaarub hajamwosha huyu mtu hata siku moja," Shamsiya alisema. "Hajui akigeuzwa analiaje. Mimi najua."

"Ndiyo maana unataka afe," Yazid akasema. "Umechoka kumgeuza."

Shamsiya alikuwa ameshika kitambaa cha kumpangusia baba yake mdomo, akakikunja, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo hakikunjiki.

"Nimechoka," akasema. "Ni kweli. Na wewe unaogopa wenzako wa kijiwe cha bajaji, wasije wakasema watoto wa Idarusi walimwacha baba yao aoze ndani. Haya, tumeambiana. Sasa nani amemuuliza baba?"

"Wote tumemuuliza. Amejibu basi."

Wakarudi palepale.

Lazima mjue huyu kaka yangu alikuwa nani kabla hajawa mguu. Babu yetu alikuja na duka la tende na nguo. Baba yetu akalirithi likiwa rafu moja, na Idarusi alipoota ndevu ile rafu ilikuwa sinia la kashata. Hakulia. Alikwenda stendi ya Ngamiani akaning'inia mlangoni mwa basi la Lushoto, na mashangazi zetu wakajifungia ndani kwa aibu, Mwarabu mzima anapiga kelele barabarani "wawili wa Muheza, wawili wa Muheza". Alilipenda lile basi kuliko alivyompenda mkewe, Mungu amrehemu, naye mkewe alijua na hakuona wivu, maana basi halikuzaa. Lugha yake na dereva ilikuwa bodi ya gari. Akigonga mara moja, simama. Mara mbili, twende. Dereva hakuwahi kugeuza shingo kumtazama. Alimsikia kwa mgongo.

Watoto wake niliwalea kwa habari za basi lile. Niliwaambia kuhusu siku lilipokauka maji pale Muheza, na kisima hakuna, na msimu ni wa machungwa. Idarusi akawaamuru abiria kila mmoja akamue machungwa yake ndani ya rejeta. Gari likawaka, likaenda likicheua harufu ya maua, na nyuki wa Muheza wote wakaingia chini ya boneti. Walipofika Korogwe wakafungua, wakakuta sega limejaa, na abiria wakashuka kila mtu na asali yake kwenye chupa. Shamsiya akiwa mdogo alidai niirudie kila usiku. Yazid akanisimamisha mbele ya wageni niape, nikaapa. Mpaka leo nyuki akipita barazani Yazid hunitazama.

Basi, siku hiyo nikauweka mchicha chini.

"Baba yenu alisema," nikawaambia. "Kabla ya kiharusi. Aliniambia mimi."

Wakageuka wote wawili. Na Idarusi akaacha kutazama dari, au mimi niliona hivyo.

Nikawaeleza. Ilikuwa Shaabani, tumekaa barazani hapa hapa Makorora, ameupumzisha mguu wake juu ya ndoo. Jirani yetu Mathew, yule mzee aliyestaafu shamba la mkonge, alikuwa ametoka hospitali na magongo, mguu mmoja hana. Amepita, ametusalimu, amekwenda zake. Idarusi akaniuliza, "Semeni, ule mguu wa Mathew umekwenda wapi?" Nikamwambia sijui wenzetu wanafanyaje, sisi wetu huviringishwa sanda ukazikwa. Akasema, "Unazikwa ulikokatwa?" Nikasema, "Utauzika wapi tena, utausafirisha?" Ndipo akacheka. Akasema, "Basi mimi wakinikata Dar, mguu wangu utazikwa Dar, na mwenyewe nitazikwa Tanga. Siku ya kufufuliwa niinuke na mguu mmoja, watu wanakwenda kuhesabiwa, mimi niko stendi natafuta basi nikaufuate. Nimepanda mabasi ya kutosha." Nami nikacheka. Kisha nikaona mwenzangu amekwisha kuacha kucheka. Akanishika hapa, kifundo cha mkono. "Usikubali, Semeni. Siku wakitaka kunichukua, waambie."

Niliwaeleza hivyo hivyo. Sikutia chumvi, sikutia nazi, sikumwongeza hata paka. Pengine hilo ndilo lililoharibu, kwa sababu hawajazoea kula chakula changu bila viungo.

Yazid akanitazama.

"Na nyuki walikuwepo?" akauliza.

Sikumjali. Yazid ni Yazid. Nilimtazama Shamsiya, maana neno lile lilikuwa la kumsaidia yeye, lilikuwa lote la upande wake, alikuwa na haja ya kulichukua tu. Nikamwona amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alijizuia akashindwa, kicheko kikamtoka puani, na machozi nayo yakatoka, akayapangusa kwa kile kitambaa cha baba yake.

"Mguu upande basi," akasema. "Ee shangazi." Kisha akatulia. "Shangazi, gari liko njiani. Nisaidie kwa kitu cha kweli."

"Hicho ni cha kweli."

"Nimwambie hivyo Yaarub? Nisimame mbele ya muuguzi niseme baba hatakwenda kwa sababu mguu wake hautapata nauli ya kurudi?"

"Naapa kwa Mola wangu."

"Uliapa na kwenye asali," Yazid akasema, bila ubaya, kama mtu anayemkumbusha mwenzake miwani ilipo.

"Kwenye asali niliapa kwa kaburi la bibi yangu. Sasa naapa kwa Mola."

"Bibi yako si alipotea baharini, shangazi? Ulituambia alimezwa na nyangumi. Kaburi alilipata wapi?"

Jina langu mimi ni Semeni. Jina lenyewe ni amri, nami nimeitii tangu nilipojua kutamka. Nimesema mpaka watu wa Raskazone waliniita kwenye harusi zao niwachekeshe wageni wakisubiri biriani. Nimewahi kukosa sukari, nimewahi kukosa mume, sijawahi kukosa neno. Siku ile nilikosa. Nililokuwa nalo nilikwisha kulitoa, lilikuwa limelala pale sakafuni karibu na mchicha, hakuna aliyeliokota.

Simu ya Yazid ikalia. "Yuko Kange," akasema. "Anasema njia imechimbwa, anauliza apitie wapi."

Nikainuka, magoti yakalia kama kiti cha kusuka, nikaenda kitandani. Nikamshika Idarusi mkono wa kushoto, ule uliobaki wake, nikauweka juu ya ubao wa kitanda.

"Tazameni," nikawaambia. "Mimi ni mwongo, huyu si mwongo." Nikamwinamia. "Konda. Gari liende au lisimame?"

Alinitazama. Jicho moja lilikuwa limelegea, lakini la pili lilikuwa ni yeye mwenyewe, ningelijua hata sokoni. Vidole vikajikusanya. Akagonga ubao.

Mara moja.

Shamsiya akashika ukuta. "Moja," akasema taratibu. "Amesimamisha. Yazid, amesimamisha gari."

Yazid alikuwa amesogea, ameweka magoti chini kando ya kitanda kama alivyokuwa akikaa akiwa mtoto, akitazama ule mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nilimwona anataka kuamini. Haki yake nampa, alitaka.

Na ule mkono ukainuka tena. Polepole mno, kama wa mtu anayetafuta kibiriti gizani. Ukakaa hewani. Ukaanguka juu ya ubao. Ngo.

"Mbili," Yazid akasema. "Hiyo ni twende."

"Si mbili hiyo," nikasema. "Ni moja, kisha nyingine moja. Anarudia kwa kuwa hatusikii."

"Moja na moja ni ngapi, shangazi?"

"Sijasoma," nikamwambia.

Hakucheka. Hakuna aliyecheka. Shamsiya akaja akapiga magoti upande wa pili, akamwinamia baba yake sikioni. "Baba, gonga tena. Mara moja kama hutaki. Mara moja tu, baba, kisha utulize mkono." Idarusi akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. "Basi," akasema.

"Basi lipi, baba?"

"Basi."

"Gonga, baba."

Vidole vikajikusanya. Huko nje honi ikalia, gari kubwa likirudi nyuma kwenye kichochoro chetu, na mtu akimwelekeza dereva, njoo, njoo, kata kulia, njoo. Akapiga bodi kwa kiganja. Idarusi akaisikia, macho yake yakaiendea ile sauti mlangoni, na mkono ukabaki umekunjwa juu ya ubao, haujagonga.

"Mwambie Yaarub," nikamwambia Shamsiya. "Akiingia tu, kabla hajaketi. Mwambie baba alisema mguu wake..."

Pazia likafunuliwa. Yaarub akasimama kizingitini anavua viatu, kanzu imekunjamana kwa safari, macho mekundu, na nyuma yake vijana wawili wenye machela.

"Assalaam alaykum," akasema. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," nikasema.