Nilivyobebwa Mgongoni na Baba Mkwe

Haya, chekeni mmalize kabisa ndipo nianze, maana najua mmeshaisikia nusunusu huko kisimani: ndiyo, ni mimi, mwanamke pekee hapa Talatala aliyebebwa mgongoni na baba mkwe wake mchana kweupe, mbele ya kwaya nzima, tena nikamtapikia shati.

Kwa wageni niwaeleze: kwetu Wanyakyusa mkamwana humtila baba mkwe, yaani humwangalii, humsemeshi, ukimwona anakuja njiani unaingia migombani mpaka apite. Tangu niolewe na Ambokile, mzee yule hakuwahi kuisikia sauti yangu, na mimi (mwenye mdomo huu mnaoujua!) nilijivunia adabu hiyo kuliko kitu chochote.

Sasa msimu wa kuvunja kakao homa ikanishika ghafla, mwili mzima moto, macho yanauma kwa nyuma utadhani kuna mtu anayasukuma yatoke, mifupa ndiyo usiseme. Nikajua malaria tu. Zahanati wakapima, malaria hakuna. Nesi akaniambia, "Dada, hii nahisi ni dengue, ile kidingapopo. Kunywa maji mengi, uji, juisi. Ya maumivu ni parasetamo peke yake, hizo dawa kali za dukani zinaweza kukutoa damu. Halafu sikiliza: homa ikishuka usishangilie. Tumbo likiuma sana, ukitapika, ukiona damu kwenye fizi, kimbia hospitali." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, akili yangu iko kwenye kakao.

Homa ikashuka. Na mimi nikashangilia! Ambokile alikuwa Kasumulu kuuza mchele, wifi zangu walishaanza kunong'ona kwamba mke wa kaka yao mvivu, nikasema leo watanitambua. Nikajifunga kanga, nikachukua panga, huyo shambani peke yangu.

Sijajaza hata kikapu, nikamwona mzee anakuja, panga mkononi. Mngefanyaje? Nikachuchumaa nyuma ya lundo la maganda ya kakao nikisubiri apite. Hakupita! Akakaa kwenye gogo, akatoa simu, akaanza kubishana na mtu kuhusu ng'ombe. Na kule nyuma, jamani, kila ganda limejaa maji ya mvua kama kikombe, mbu wenye madoa meupe miguuni wananing'ata mchana ule bila haya (kumbe ndiko walikozaliwa wale walioniambukiza, na mimi usiku nalala kwenye chandarua nikijiona mjanja). Tumbo likaanza kunikata. Nikatapika kimyakimya. Nikatema mate: damu.

Hapo ndipo nikamkumbuka nesi. Niliogopa, siwafichi, nikamfikiria binti yangu Tupokigwe ambaye hata kutembea hajajua vizuri, nani atamlea? Nikasema liwalo na liwe, nikapaza sauti kumwita baba kwa lugha yetu: "Tata! Nisaidie, nakufa!"

Mzee akaruka kutoka kwenye gogo, simu huku, kofia kule. "Nani huyo? Mtu au kitu gani?" (Angeijuaje sauti ambayo hajawahi kuisikia?) Akaja analizunguka lundo, panga juu.

"Usinikate, tata! Ni mke wa Ambokile!"

Akashusha panga. Kisha akageuka, akanipa mgongo, akachuchumaa. "Panda, mwanangu. Mimi sikuangalii."

Nikajifunika kanga kichwa kizima, nikapanda. Barabarani tukakutana na akina mama wa kwaya wanatoka mazoezini wakiimba, wimbo ukawakatikia mdomoni. Mmoja akasema, "Mwee! Dunia imekwisha!" Mzee hata hakupunguza mwendo: "Ondokeni njiani! Niitieni bodaboda!" Na hapo hapo nikamtapikia shati.

Hospitali wakanitundikia dripu, na daktari akasema ningelala nyumbani siku ile, leo ningekuwa nasimuliwa tu badala ya kusimulia.

Nilipopata nguvu na kurudi nyumbani, mzee akaja uani, akasimama amenipa mgongo, akakohoa. "Wanasema mbu hao wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama. Yale maganda tuyafanyeje?"

Wifi zangu wote masikio wazi. Nikajibu, "Tuyafukie yote, tata. Na lile pipa lisilo na mfuniko tulifunike, na matairi yale yaondoke."

"Mmesikia alivyosema mkamwana wangu?" akawafokea wanawe. "Majembe!"

Ukoo mzima ukachimba mpaka jioni, wifi zangu mbele, mimi nimekaa kwenye mkeka nakunywa juisi ya machungwa na kuelekeza. Ndaga fijo, tata, asante sana!

Kujificha na homa sirudii, na ikishuka ndipo nitakapoiogopa zaidi. Lakini adabu bado ipo, msinisingizie: mzee akitaka ushauri wangu huja, hunigeuzia mgongo, nami nauambia mgongo. Uso wake siujui vizuri mpaka leo, ila mgongo ule ningeutambua hata katikati ya soko la Kyela.