Matanga Yasiyo na Maiti

Ujumbe ulionifikia nikiwa kazini Midrand ulisema mama wa saloni amelala. Hakulala. Alipigwa mtaimbo kichwani na kijana wa kukodiwa, akaporomoka ngazi za jengo alilokaa tangu alipoingia nchi hii, akabaki hospitali miezi mingi bila kufumbua macho mpaka alipokata roho. Naanza hivi kwa sababu tangu siku ile nimechoshwa na maneno ya kubembeleza: amepumzika, ametangulia, Mungu amempenda zaidi. Msomaji wa safu hii ananijua, sina subira na sukari ya aina hiyo. Mtu akiuawa tuseme ameuawa, halafu ndipo tulie. Mimi nililia chooni kazini, nikatoka macho yamenivimba, nikamjibu vibaya mkubwa wangu ambaye hakuwa na kosa lolote. Kisha nikaanza kuwapigia simu watu wa Yeoville, mtaa aliokaa hapa Joburg, na karibu kila niliyempigia aliniuliza swali lilelile: safari hii ni kweli? Sikuwalaumu. Mwanamke huyu alikwisha kutuitia msiba mmoja ambao haukuwa na maiti. Huo nitausimulia, lakini kwanza niseme alikuwa mtu gani, na habari ya uwanja wa mchezo uliomponza ilianzaje.

Alitoka Bukavu. Alikuwa akisuka nywele na kunyoa katika chumba cha chini cha jengo moja kuukuu, pale Yeoville inapoanza kuteremkia mjini, na yeye na binti yake wakilala chumba cha juu yake. Ghorofa nyingine zilijaa Wakongo, Warundi na familia chache za Wazulu waliokuja mjini kutafuta kazi kama sisi. Hakuwa mpole, na nitamkatalia yeyote atakayemfanya mpole leo kwa kuwa amekufa. Mwaka 2008, wageni walipokuwa wakisakwa na kuchomwa moto huko kwenye vitongoji, yeye alikaa mlangoni na sufuria ya mafuta yaliyokuwa yakichemka, yale ya kukaangia maandazi, akiwaambia vijana waliopita na mapanga wasogee karibu waonje. Hawakusogea. Wiki hiyo mimi nilikuwa nimeandika humu humu kwamba wageni tuwe wavumilivu. Nilipokwenda kunyoa alinizaba kofi mbele ya wateja wote, akasema, “Papa Gazeti, hiyo uvumilivu yako uilinde kule juu kwako Observatory. Huku chini tuko na batoto.” Kisha akachukua mashine akaninyoa vizuri sana, wala hakuomba radhi. Nilirudi mwezi uliofuata, na uliofuata, mpaka nikawa mtu wa pale.

Kombe la Dunia lilipokwisha kuondoka na kelele zake, ikaja kampuni na mpango wa kuifufua sehemu ile ya mji. Katikati ya mpango ulikuwa uwanja mdogo wa besiboli, wa timu za madaraja ya chini, na kuuzunguka kungekuwa na maduka, migahawa na nyumba mpya za kupanga. Tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa tuuone kwa mfano uliotengenezwa kwa makaratasi magumu, una nyasi za plastiki na vimti vidogo. Hakuna aliyejua mchezo wenyewe. Rungu lake tulilijua, maana kila duka la barabara kubwa ya Yeoville linalo moja nyuma ya kaunta, na madereva wa teksi wanalo chini ya kiti, na wengi wetu tumewahi kuona kazi yake kwenye mgongo wa mtu. Mpira wake ndio hatukuwa tumeuona. Mama wa saloni akasimama akauliza swali moja: saloni yake iko upande gani wa ule mfano? Kijana wa kampuni, amevaa suti safi, akasema saloni itakuwapo, tena ya kisasa, na yeye ataruhusiwa kuomba nafasi kama mtu mwingine yeyote. “Niombe nafasi kwa fasi yangu?” akauliza. Yule kijana akatabasamu, na hapo ndipo alipokosea.

Mezani walikuwa wameweka rungu jipya na kofia, kwa ajili ya watu kupiga picha. Alilishika kwa mikono miwili. Nimesikia kwamba wanaoujua mchezo ule husifu pigo linaloutoa mpira nje ya uwanja. Yeye aliutoa uwanja wenyewe nje ya dirisha, vioo na vyote. Walinzi wakamrukia, mmoja akamvuta nywele, naye akamng'ata mkono mpaka damu ikachuruzika kwenye shati jeupe. Viti vikaruka. Mimi nilipata kiwiko cha pua nikiamua ugomvi, na nakiri sikuwa naamua kwa bidii sana. Nilifurahi. Nikiwa nimeinama nafuta damu nilimsikia akicheka, na ndivyo nitakavyomkumbuka.

Kampuni haikuvunjika moyo kwa mfano kuvunjika. Baada ya miezi kadhaa wakaanza kuyasafisha majengo, neno lao hilo, na waliyasafisha kwa vijana waliookotwa barabarani asubuhi na kulipwa jioni, wenye mitaimbo na nyundo. Walisema wana amri ya mahakama, hatukuonyeshwa. Katika jengo la jirani walirusha vitanda kupitia madirishani, wakamvunja mkono mzee mmoja wa Kirundi aliyekuwa ameshikilia redio yake, wakawatoa watoto na nguo za kulalia. Mama wa saloni aliambiwa na mteja wake kwamba kesho ni zamu yao. Hakwenda polisi, hakumtafuta mwanasheria. Alinunua mikate na majani ya chai, akatandaza kitambaa cheusi mlangoni, akaazima viti vya kanisa akavipanga mpaka barabarani, akawaambia wanawake wafunge vitenge viunoni. Wakongo huita matanga kile ambacho mimi nakiita msiba: watu hujaa, huimba na kukesha na marehemu mpaka azikwe. Hapa marehemu hakuwapo, lakini mengine yote yalikuwapo.

Lori lilipofika lilitukuta tunaimba. Vijana walishuka na vyuma vyao mikononi, wengine bado na vumbi la jengo la jirani nyweleni, wakatazama kitambaa cheusi. Msimamizi wao alikuwa Mzulu wa makamo, mtu ambaye jana yake tu nilimwona akimburuta mwanamke kwa mguu. Akavua kofia. Akasema kwa sauti ya chini, “Eish, sorry, mama,” akawaashiria vijana wapande lori. Wakaondoka polepole, bila kupiga honi. Tukaendelea kuimba kwa hofu, halafu kwa furaha, halafu sijui ilitokea wapi, wanawake wakaanza kulia kwelikweli. Kila mmoja alikuwa na wake, aliyeachwa Uvira, aliyezama ziwani, aliyekufa njiani wenzake wakamvuka wakaendelea na safari, na hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kumlilia. Siku zilivyokwenda majirani walileta sukari, mchungaji akaja kuhubiri, na lori halikurudi. Nimelifikiria jambo hilo kuliko lolote nililoliona katika mji huu. Watoto walio hai hawakuwazuia watu wale hata dakika moja, kilio cha mama hakikuwazuia, lakini maiti ambaye hakuwahi kuzaliwa aliwarudisha nyumbani na kofia mikononi. Sijui niseme ni heshima au ni wazimu, na nadhani ni heshima iliyochelewa njiani.

Aliyeharibu mambo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mkongo wa Fizi, mlinzi wa kampuni ileile, aliyesikia kwamba kuna matanga ya watu wa kwao akaja na mfuko wa sukari kutoa pole. Akakaa, akanywa chai, akamuuliza aliye karibu naye ni nani amefariki. Akaambiwa ni babu. Mwingine akamwambia ni mtoto mchanga. Tulikuwa tumepanga viti, nyimbo na chai, lakini kumpanga marehemu tulisahau. Yule mlinzi akasimama. “Mimi nilizika mutoto yangu hapa Joburg bila matanga, sababu kazi ilinikatalia ruhusa,” akasema. “Na nyinyi munafanya matanga ya muchezo?” Mama wa saloni akamfuata, akamshika bega, akamwambia wamlie mtoto wake pale pale, sasa hivi, watu wapo. Yule mlinzi akaukung'uta mkono ule akaenda zake, na sukari yake akaichukua, na habari yetu ikafika kazini kwake.

Vijana wa lori walirudi saa za kazi, watu wengi wakiwa hawapo, na safari hii hakuna aliyevua kofia. Walikuja na hasira ya watu waliochezewa. Walianza na viti. Mlangoni tulikuwa wachache, mama wa saloni, mimi niliyekuwa likizo, na wanawake wasiokuwa na ajira. Nilipigwa mdomoni nikatema jino, nikamwona mwanamke mmoja wa Kirundi akikanyagwa tumbo. Mama wa saloni alipanda ngazi akasimama juu kabisa, mikono kwenye kuta zote mbili, akawaambia kwa Kizulu chake kibovu kwamba binti yake yuko chumbani na hawatapita. Kijana aliyepanda kwanza alimsukuma, yeye akamsukumia chini. Wa pili hakumsukuma. Nilisikia sauti ya chuma kwenye fuvu la mtu, na tangu hapo mtu akifunga mlango wa gari kwa nguvu mimi hushtuka.

Sipingi mji kujengwa. Nimeishi humu miaka mingi, nimechoka na mabomba yaliyopasuka na lifti zilizokufa, na kama besiboli ingeleta taa na ajira ningejifunza kuishangilia. Ninachokikataa ni ile desturi ya kuuchora mji kwanza halafu kuwatafuta watu watakaotoshea kwenye mchoro. Jengo la mama wa saloni limebomolewa, na leo hakuna uwanja. Wenye fedha walijitoa, tunaambiwa, wameona mchezo hauna wapenzi hapa. Pamebaki uzio, magugu na mlinzi.

Kwa watu wa kwao, maiti haendi makaburini kabla hajaingia nyumbani kwake mara ya mwisho. Kwa hiyo siku ya mazishi gari lilitoka kanisani likaenda mpaka kwenye uzio, na nyuma yake umati ambao sijawahi kuuona katika mtaa ule. Barabara ilifungika. Watu wa kuajiriwa, wenye maduka, wachungaji wa makanisa yote, Watanzania, Wakenya, Warundi, Wakongo wa kila upande, hata familia za Wazulu zilizokuwa ghorofa ya tatu. Mlinzi, si yule wa Fizi, akasema hakuna kuingia. Mchungaji akamweleza desturi. Mlinzi akajibu kwamba ameonywa kuhusu matanga ya sehemu hii, na kama kuna maiti basi aonyeshwe. Watu wakaguna kwa hasira, na wako waliokwisha kuokota mawe. Binti wa marehemu, ambaye amezaliwa hapa na Kiswahili hukisikia tu, akawazuia kwa mkono. Akalifungua jeneza mwenyewe. Mlinzi akatazama kilichobaki cha uso ule, akavua kofia, akafungua geti, akasema tufanye haraka kabla bosi hajafika.

Tulimweka juu ya vigae vya saloni, ndivyo pekee vilivyosalia. Umati ukajaza kiwanja chote. Nami badala ya kusali nilikuwa nawatazama mmoja mmoja, na nilitaka kuwapiga. Binti akaja akasimama kando yangu. Akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli, “Mjomba, siku ile wote hawa walikuwa wapi?” Nikamwambia walikuwa kazini. Akauliza, “Na leo hawana kazi?” Nikamwambia leo waliomba ruhusa. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, akarudi kwa mama yake.

Mama huyu alilijua jambo hilo kabla yetu, ndiyo maana alijifanya amefiwa: alijua kwamba tunamwombea ruhusa marehemu tu. Mtaa wa pili kutoka hapo wamekwisha kubandika tangazo jingine mlangoni, na lori litakuja Jumatatu asubuhi. Ndani mna wazee, watoto na wanawake, wote wazima. Nimeomba ruhusa kazini. Mkubwa wangu aliniuliza nimefiwa na nani, nikamjibu bado hakuna aliyekufa, na ndiyo sababu naondoka sasa.